DAWA INA SAA YAKE, NA POSTI INA SAA YAKE



Saa za posti unazijua vizuri. Gari la kazi likipita, halirudi kukuchukua. Ndiyo maana wewe wa Mangobo unatafuta toleka mapema. Je, saa za dawa yako ya malaria unazijua namna hiyo?

Dawa ya artemeta-lumefantrini inamezwa mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili ina mlango wake: unafunguka masaa 8 baada ya dozi ya kwanza, unafungwa masaa 12. Ukianza saa sita mchana, meza ya pili kati ya saa mbili na saa sita usiku. Kisha asubuhi na jioni, siku mbili zinazofuata.

Kwa nini? Artemeta inapiga wadudu kwa nguvu, lakini inatoka mwilini upesi. Lumefantrini inabaki siku nyingi na kumaliza waliosalia. Yenyewe inataka mafuta ili iingie vizuri damuni. Basi meza pamoja na chakula: pondu ya mawese inatosha, au maziwa. Ukitapika kabla ya saa moja kupita, rudi dispanseri.

Hatari kubwa ni siku ya pili. Homa imeshuka, unajiona mzima, unakwenda posti ya usiku, na vidonge vinabaki nyumbani. Asubuhi unalala, na saa ya dawa inapita tena. Wadudu waliobaki wanazaana, na homa inarudi.

Mashefu wa ekipe, neno hili ni lenu pia. Kwa maoni yangu, mgonjwa wa malaria asigeuziwe posti kabla ya siku zake 3 kwisha. Mnapopanga kazi mnaweka saa ya kutia mafuta katika mashine. Wekeni na saa ya mtu kula na kumeza dawa. Na anayesema ana homa, mwacheni aende kupimwa siku ile ile, asingoje mwisho wa juma. Malaria ikicheleweshwa inaweza kupanda kichwani na kuua.

Nawe, ndugu, usifiche homa kwa kuogopa kupoteza siku. Ukipewa dawa, onyesha karatasi yako ya posti. Tutaandika saa zote 6 pamoja, kabla hujatoka mlangoni.