Rangi Haisimamishi Lori



Mimi ni muuza duka. Kazi yangu ni mizani na hesabu, wala si mjuzi wa kujenga barabara. Lakini muuza duka husafiri kutafuta bidhaa, na msafiri huona. Safari yangu ya maharage ilinifikisha Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, pale Tanzania inapokwisha na Zambia inapoanza. Niliyoyaona huko yalinikosesha usingizi, nami nakuleteeni khabari yake kwa kuwa maradhi yale tunayo na sisi visiwani, ijapokuwa hayajakomaa kama kule.

Mji wa Tunduma umekalia njia kuu itokayo Dar es Salaam. Njia hiyo ilitengenezwa na kutiwa lami baada ya mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitwalia utawala na Zambia ikakosa mlango wa amani upande wa kusini. Tangu hapo shaba ya Zambia na ya Kongo huteremka bandarini, na mafuta na bidhaa hupanda. Ni riziki ya watu wengi, wala hapana mwenye akili atakaye njia hiyo ifungwe. Lakini barabara ambayo kwa dereva ni njia ya Lubumbashi, kwa mkaazi wa Tunduma ni njia ya sokoni, msikitini, kanisani na skuli. Malori ni wapita njia; watoto ndio wenyeji.

Nilikuwa nimesimama kizingitini mwa duka la mwenyeji wangu. Msichana wa skuli, umri wake yapata miaka kumi, alikuwa amemshika mkono mdogo wake. Mbele yao palikuwa na ile misitari myeupe ya kivuko tuiitayo pundamilia, imefifia hata kuonekana ni taabu. Alitia mguu, akaurudisha. Akatia tena, akaurudisha. Mara ya tatu lori likapiga honi wala lisipunguze mwendo. Mara ya nne akakimbia huku akimburura mdogo wake, na kiatu cha mtoto kikabaki katikati ya njia. Lori lililofuata likapita juu yake. Mwenyeji wangu akaniambia, "Leo wamepita," akarudi ndani kupima sukari.

Basi nikapiga hesabu, kama ya dukani. Tuseme njia ina upana wa mita 7, na mtoto aenda mita moja kwa sekunde; ahitaji sekunde 7 kuvuka. Lori lendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, maana yake katika sekunde hizo 7 limekwenda zaidi ya mita 150. Lori aliloliona mbali, dogo kama kibiriti, lamkuta angali njiani. Kwa kilomita 50, ambazo ndizo mwisho wa sheria ya Bara penye makaazi ya watu, lori hukata mita 97. Kwa kilomita 30 hukata mita 58 tu. Tena mwendo ukiwa maradufu, masafa ya kusimama kwa breki huwa mara nne. Ndiyo sababu mkutano wa mawaziri wa mataifa uliofanyika Stockholm mwezi wa Februari 2020 ulihimiza kilomita 30 ziwe mwisho wa mwendo pale watu na magari wanapochanganyika.

Watasema: malori yakipunguza mwendo, biashara itazorota. Jamani! Lori hilo hilo hungoja katika foleni ya mpaka, foleni ambazo zimewahi kuhisabiwa kwa siku, dereva akinywa chai kivulini mwa tela. Likipita kilomita mbili za mjini kwa mwendo wa 80, latumia dakika moja na nusu. Kwa mwendo wa 30, latumia dakika nne. Faida yote ya kukimbia ni dakika mbili na nusu. Nani katika sisi atauza roho ya mtoto kwa bei hiyo?

Rangi peke yake haitoshi. Kivuko cha rangi bila tuta ni ahadi isiyo na mdhamini: mwenye nguvu huitimiza akipenda. Tuta halimwombi dereva, humlazimisha. Wala dawa hii si ngeni wala si ghali. Dar es Salaam, shirika la Amend lilitengeneza matuta, njia za miguu na alama karibu na skuli, na kazi hiyo ikapata tunzo ya kimataifa mwaka 2019.

Lakini desturi yetu ni kungoja kilio. Mtoto hugongwa, wananchi hufunga njia kwa mawe, mkubwa huja na ahadi, ndipo tuta hujengwa. Tumeifanya maiti kuwa ndiyo barua ya maombi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimshukie, naye akiwa Madina, alichelea kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Huyo ni nyumbu. Sisi tunazungumza watoto.

Sasa nasema nasi wenyewe. Barabara zetu za Unguja na Pemba zinapanuliwa, na kila lami mpya huzaa mwendo mpya. Basi kila tawi la chama litembee mtaani kwake, lihisabu skuli, vyuo vya Kurani na masoko yaliyo kando ya njia, liandike pahala penye kutakiwa tuta, limpelekee sheha na diwani kwa barua yenye tarehe, na nakala ibaki tawini. Asiyejibiwa asichoke, na aandike ya pili.

Na wewe mwanachama mwenye gari, uliyepaza sauti jana mkutanini kudai haki: leo ukifika kivukoni, simama. Haki ya yule mtoto i chini ya mguu wako wa kulia, wala haihitaji uchaguzi.