Noeli ya China na Haki ya Wazazi

Tarehe 25 Desemba si sikukuu ya serikali katika China bara. Baba huenda kazini, mama vilevile, na watoto hushika njia ya shule ikiwa ni siku ya masomo. Hata hivyo, katika miji mingi jioni ya tarehe 24 vijana hupeana matufaha yaliyofungwa kwa karatasi za rangi. Kwa lugha yao mkesha wa Noeli huitwa ping'an ye, yaani usiku wa amani, nalo tufaha, pingguo, hufanana kwa sauti na neno hilo la amani. Wengi wa wanaopeana matufaha hayo si Wakristo. Sisi hatuoni ubaya. Kumtakia jirani amani ni jambo jema, hata kwa asiyemjua Mfalme wa Amani.

Linalotusikitisha ni jingine. Familia ya Kikatoliki, ambayo kwake Noeli ni Misa kabla ya kuwa zawadi, haina uhuru alio nao mwenye duka. Kanuni mpya za mambo ya dini zilianza kutumika tarehe 1 Februari 2018, na mwaka huohuo parokia za mkoa wa Henan zilitaarifiwa rasmi kwamba watoto wasiingie kanisani. Basi huko mzazi aliweza kumnunulia mwanawe tufaha sokoni, lakini kumpeleka mbele ya pango la Mtoto Yesu alizuiwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini la mwaka 1965, ulifundisha kwamba ni haki ya wazazi kuamua malezi ya kidini ya watoto wao. Haki hiyo haitolewi na serikali, wala serikali haiwezi kuifuta.

Ni haki kusema pia kwamba hofu ya watawala wa China ina mizizi. Katika karne ya 19 wamisionari walilindwa na mikataba ambayo mataifa ya Ulaya yaliishurutisha China kwa mizinga. Lakini deni hilo halimhusu mtoto wa leo.

Mwaka 2018 Kiti Kitakatifu kilipatana na China juu ya uteuzi wa maaskofu, na mapatano hayo yameongezwa muda mwaka 2020, 2022 na 2024. Tunayapokea kwa utii. Ila yanahusu maaskofu, hayamfungulii mtoto mlango wa kanisa. Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zisingoje tarehe 24 Mei, siku aliyoiweka Baba Mtakatifu Benedikto XVI mwaka 2007 ya kuliombea Kanisa la China. Noeli hii, katika sala ya waamini, wazazi hao na watoto wao watajwe waziwazi.