Mbwa akiuma mtoto, tusimalizane kimya-kimya



Katika vikundi vyetu tunasikia mara nyingi maneno haya: "Mbwa wa jirani aliuma mtoto, lakini tulimalizana." Kumalizana maana yake mwenye mbwa ametoa franga kidogo za dawa, ameomba msamaha, na habari haikufika kwa shefu wa avenyu wala kwenye kituo cha afya. Tunafanya hivyo kwa kulinda ujirani. Ujirani ni kitu kikubwa: tunachota maji pamoja, tunasaidiana kwenye msiba. Lakini msamaha hauzuii kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu unapita katika mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zinaweza kukawia, mara nyingi miezi 2 au 3, hata mwaka. Kidonda kimepona, wote wamesahau, kisha mtoto anaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza. Akifika hapo, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria vifo 59 000 kila mwaka, vingi Afrika na Asia. Na katika watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Basi, mbwa akiuma, kwanza tuoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Jiwe jeusi, pilipili na petroli haviponyi kichaa. Siku ileile tumpeleke mtoto kwenye kituo cha afya. Chanjo inachomwa mara kadhaa, kwa siku ambazo muganga atazipanga. Tusiache katikati kwa sababu kidonda kimekauka. Kituo kikikosa chanjo, tuulize inapatikana hospitali gani, na tusingoje kesho.

Pili, tutoe habari kwa wakubwa, siku ileile pia. Kwa nini haraka? Kwa sababu mbwa aliyeuma anapaswa kufungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na ugonjwa katika mate siku ile aliyouma, na muganga anaweza kusimamisha chanjo. Akigonjwa, akikufa au akipotea, mtoto anaendelea mpaka mwisho. Ndiyo maana si vizuri vijana kumpiga mbwa mpaka afe, wala mwenye mbwa kumficha kwa ndugu yake. Wote wawili wanatunyima jibu tunalolihitaji. Tena mbwa yuleyule anaweza kuuma watoto wa avenyu nyingine, na mama zao hawakuonywa.

Twende kwa nani? Tuanze kwa mkubwa wa nyumba kumi au shefu wa avenyu, kisha shefu wa kartie. Yeye akikawia, tupande mpaka komine, kwenye huduma ya kilimo, uvuvi na ufugaji, na kuulizia daktari wa wanyama. Muganga wa kituo naye tumwombe aandike katika kitabu chake kwamba ni mbwa aliyeuma, ili zone ya afya ijue.

Tusiende na maneno matupu. Tuandike kwenye karatasi: siku, saa na mahali, umri wa mtoto na mahali alipoumwa, rangi ya mbwa, ni wa parsele gani, kama ana karti ya chanjo, kama alichokozwa au aliruka tu mwenyewe, na yuko wapi sasa. Tufanye nakala mbili, moja ibaki kwetu ikiwa na muhuri au sahihi ya aliyeipokea. Mama akiogopa kwenda peke yake, wenzake wa kikundi wamsindikize.

Wengine wanauliza: "Tukisema, si tutakuwa tumemshitaki jirani?" Sheria ya inchi yetu imekwisha kusema. Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kilichotoka mwaka 1888, kinaeleza katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama anajibu kwa hasara ambayo mnyama wake ameleta, hata kama mnyama alikuwa amepotea au ametoroka. Kwa hiyo gharama za matunzo si sadaka ya jirani. Ni deni lake, na anaweza kulilipa mbele ya shefu, bila matusi, na mkiendelea kusalimiana.

Kwa mbwa anayezurura na kufukuza watoto wanaoenda masomoni, tusingoje aume. Tumwone kwanza mwenyewe, tumwombe amfunge mchana na kumchanjisha. Asiposikia, au kama mbwa hana mwenyewe, tupeleke habari kwa shefu wa kartie. Na sisi wenye mbwa tuanze kwetu: kamba imara, chakula cha kutosha, chanjo ya kila mwaka.

Katika mkutano wa juma hili, kila kikundi kiulize mambo mawili na kuyaandika: daktari wa wanyama wa komine yetu anapatikana wapi, na chanjo ya kichaa iko hospitali gani. Afadhali tuyajue leo kuliko kuyatafuta mtoto akiwa analia mikononi.

Tuonane juma lijalo.