Tamko la wenye ploti na nyumba wa mji wa Isiolo kuhusu vibali vya ujenzi

Sisi wanachama wa chama cha wenye ploti na nyumba mjini Isiolo, kutoka Bulla Pesa, Kulamawe, Tullu Roba, Kiwanjani, Chechelesi, Kambi Garba na mitaa mingine, tunatoa tamko hili kwa Serikali ya Kaunti ya Isiolo, Bodi ya Manispaa, Bunge la Kaunti na wakazi wenzetu.

Kwanza tuseme lile lisilo na ubishi kati yetu. Kibali cha ujenzi ni lazima. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 kinamkataza mtu yeyote kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila idhini, na anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Chama hiki hakitamtetea aliyejenga juu ya mtaro wa maji, aliyeziba njia ya mtaa, wala aliyepandisha ghorofa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini. Jengo lililoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 2016 liliua makumi ya watu waliokuwa wakilipa kodi ya nyumba kila mwezi. Tangu barabara ya Moyale ipate lami, Isiolo nayo imeanza kujenga kwenda juu, na hatutaki kuzika watu ndipo tujue maana ya ukaguzi.

Tatizo letu linaanza kabla ramani haijafika mezani kwa afisa wa mipango. Mwombaji huulizwa uthibitisho wa umiliki. Kwingineko mtu hutoa hatimiliki, mambo yakaendelea. Isiolo haikukua hivyo. Sehemu kubwa ya ardhi hapa ilikuwa ya udhamini chini ya baraza la kaunti la zamani, na baraza liligawa ploti kwa barua. Wengi wetu tunachoshika mpaka leo ni barua hiyo ya ugawaji, risiti za kodi ya ardhi, na jina katika daftari la ploti. Wengine walinunua kwa mwenye barua, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwa wakili au mbele ya chifu na wazee. Wapo akina mama ambao barua wanayoishika ina jina la marehemu mume, na hawajamaliza mirathi kwa Kadhi au katika mahakama nyingine. Kisha Katiba ya 2010, katika ibara ya 63, iliigeuza ardhi ya udhamini kuwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaiachia kaunti kuitunza ile ambayo haijasajiliwa bila ruhusa ya kuiuza. Mpaka kati ya ploti ya mji na ardhi ya jamii uko wapi hasa? Mwenye nyumba wa pembezoni mwa mji hana ramani ya kumwonyesha.

Kiwanjani, Mwangaza na Chechelesi wanalijua jambo hili kuliko wote. Watu walihamishwa kupisha uwanja wa ndege, wakaahidiwa ploti mbadala, na baadhi yao walipofika waliwakuta wenzao wakiwa na barua za mahali hapo hapo. Barua mbili, ploti moja, na kila mtu ana mhuri.

Ili apate kibali, mwenye ploti aonyeshe umiliki. Ili umiliki ukamilike, daftari lisafishwe, eneo lipimwe, bikoni zipandwe, orodha ithibitishwe na ipelekwe Wizara ya Ardhi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo mwenye ploti anaweza kuikamilisha mwenyewe. Basi anafanya wanalofanya wengi: ukuta unaanza Ijumaa jioni ofisi zikifungwa, na Jumatatu asubuhi mabati yako juu. Hakuna mhandisi aliyeuona msingi. Hakuna aliyepima umbali wa choo na kisima cha jirani. Sheria iliyotungwa ili nyumba ziwe salama inawasukuma watu kujenga gizani, na hilo ndilo linalotutia hofu zaidi ya faini.

Tunaiomba kaunti itenganishe maswali mawili ambayo leo yamefungwa pamoja. Je, jengo hili ni salama na liko mahali panapofaa? Na je, ploti hii ni ya nani? La kwanza ni la wataalamu wa mipango na ujenzi, nalo linaweza kujibiwa mwaka huu. La pili ni la daftari, wapimaji, na pengine mahakama. Kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, isiyo ya ghorofa, barua ya ugawaji, risiti za kodi na uthibitisho wa bikoni zikubaliwe, na kibali chenyewe kiandikwe wazi kwamba hakimpi mtu umiliki wala hakimwondolei mwingine haki yake. Penye barua mbili, ujenzi usimame. Lakini usimame kwa muda unaojulikana, huku mgogoro ukisikilizwa, si kwa miaka mpaka mmoja wa wadai achoke au afariki. Mtu wa vyumba viwili na sebule haombi kujenga hoteli.

Kuhusu muda, sheria iko upande wa mwombaji na wengi hawajui. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi kinasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Tunawasihi wanachama wasiugeuze msaada huu kuwa mwanya. Siku hizo zinahesabika kwa aliyewasilisha ombi kamili na ana nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Aliyeacha bahasha kwa mlinzi wa lango hana cha kuhesabu. Hata baada ya siku 60, masharti ya ujenzi salama hayaondoki, wala wajibu wa kusajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi pale unapotakiwa. Ombi likikataliwa, sababu ziandikwe. Mwombaji ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, nayo ina siku 14 za kuamua. Asiporidhika, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko. Tunataka kila kaunta inayopokea ramani iwe na tangazo linalosema ni nani anayepokea rufaa hizo na ofisi yake iko wapi.

Sasa alama ya X inayopakwa kwenye kuta za nyumba. Rangi nyekundu ukutani si ilani ya utekelezaji. Ilani inayotajwa katika kifungu cha 72 cha sheria hiyo ya mipango ni ya maandishi: inaeleza kosa, inaeleza la kufanya na muda wake, na mwenye nyumba anaweza kuipinga ndani ya siku 14. Anayekuta X pekee aandike barua kuomba ilani yenyewe, wala asikimbilie kumtafuta mtu wa kuifuta.

Ada nazo ziwekwe hadharani. Ibara ya 210 ya Katiba inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria, na sheria ya fedha ya kaunti hupitia Bunge la Kaunti baada ya wananchi kusikilizwa. Orodha ibandikwe ofisini, kwa Kiswahili, na mikutano ya maoni ifanyike mitaani kwa lugha zinazosemwa hapa: Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru. Malipo yaingie katika akaunti ya kaunti na risiti itoke. Mwanachama anayemkabidhi mtu fedha mkononi asije kwa chama kulalamika.

Kanuni mpya za ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968, bado ni ngeni kwa mafundi wetu, na mafundi ndio wanaojenga mji huu. Tunaomba wafundishwe kwenye mabaraza, si Nairobi. Vilevile wanaojenga karibu na uwanja wa ndege, ambako kimo cha jengo huhitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, waambiwe hivyo siku wanayoleta ramani, si baada ya kufika orofa ya tatu.

Kamati ya chama inakusanya nakala za maombi yote ya wanachama ambayo hayajajibiwa, pamoja na kesi za barua mbili kwa ploti moja, ili zikabidhiwe afisa wa mipango wa kaunti na karani wa Bunge la Kaunti. Kila mwanachama alete nakala, si barua halisi, ikiwa na namba ya ploti, mtaa na tarehe ya kupokelewa. Akina mama ambao mirathi haijakamilika waje na cheti cha kifo. Kamati itawaelekeza mahakama inayohusika.

Limetolewa Isiolo mjini kwa niaba ya wanachama,
Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina