Nyasi Zikikatwa: Ziachwe Pale Pale au Zichukuliwe?

Mvua ikisha kushika mwezi wa Aprili, uwanda wa juu wa Uasin Gishu hugeuka kijani upesi, na huko Moiben, kaskazini-mashariki ya Eldoret, kazi ya kukata nyasi huanza tena. Shuleni watoto hushika mafyekeo; makanisani na katika afisi za machifu vibarua huinama tangu asubuhi; na katika maboma ya wenye uwezo husikika ngurumo ya mashine ya petroli. Saa sita ikifika uwanja huwa safi, na kila mtu hufurahi kuutazama.

Lakini nyasi zenyewe zapelekwa wapi? Wengine huzikusanya nyuma ya ua, na zikikauka huzitia moto. Wengine hujaza magunia wakawapelekea ng'ombe. Wachache huziacha pale pale zilipoanguka, na hao mara nyingi huitwa wavivu. Yafaa jambo hili lichunguzwe kwa makini, kwa maana ndani ya nyasi hizo mna mali ambayo mkulima huinunua dukani kwa fedha zake, kisha huitupa bila kujua.

Kwanza ijulikane nyasi mbichi ni kitu gani. Katika kilo 100 za nyasi changa zilizokatwa, karibu kilo 80 ni maji matupu. Zile kilo 20 zinazobaki ndizo chakula, na katika uwanja uliotunzwa vema asilimia 3 hadi 4 ya uzito huo mkavu ni naitrojeni, ile ile iliyomo ndani ya gunia la mbolea ya kukuzia mahindi. Tena mna potasi, na fosforasi kidogo. Vitu hivi havikutoka hewani tu, bali mizizi ilivivuta kutoka udongoni. Mtu akizichukua nyasi, amevichukua na hivyo. Akiziacha, vijidudu na nyungunyungu huzila, na kabla ya majuma mengi kupita udongo umerudishiwa kilichokuwa chake. Wataalamu wa mambo ya bustani wamekadiria kwamba uwanja unaoachiwa nyasi zake hupata humo robo hivi ya naitrojeni yote unayohitaji kwa mwaka.

Ikiwa mambo ni hivyo, desturi ya kuzikusanya ilitoka wapi? Mtu wa kwanza kutengeneza mashine ya kukatia nyasi alikuwa fundi Mwingereza, Edwin Budding wa Gloucestershire, aliyeipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1830. Wazo lake alilipata katika mashine ya viwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya nguo za sufu, na mashine yake ilikuwa na sanduku la kupokea nyasi zilizokatwa. Basi tangu siku ya kwanza mashine na kapu lake vilikwenda pamoja, na watu wakaona kwamba uwanja usiookotwa nyasi haujamalizwa. Walowezi walipofika Uasin Gishu tangu mwaka 1908, walikuja na mapenzi ya viwanja vya nyasi mbele ya nyumba zao, na desturi hiyo imebaki hata baada ya mashamba kubadili wenyewe.

Walakini katika nchi za ng'ambo mawazo yamegeuka. Huko Marekani nyasi zilitiwa katika mifuko na kupelekwa majalalani pamoja na takataka za miji, hata majalala yakaanza kujaa. Katika miaka ya 1980 na 1990 majimbo kadhaa yalipiga marufuku kutupa humo taka za bustani, na maofisa wa kilimo wakaanza kuwafundisha watu kuziacha nyasi pale pale. Na jambo la kushangaza ni kwamba viwanja vingi vya Australia, Afrika Kusini na California vimeoteshwa nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Nyasi hizo ndizo mtu wa Moiben anazozikanyaga kila siku akienda kukamua.

Wako wanaopinga wakisema kwamba nyasi zikiachwa huua zile zilizo chini, ama hujenga tabaka kama godoro juu ya udongo. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, lakini si wote. Godoro lile halifanywi na majani yaliyokatwa, kwa kuwa majani machanga ni laini na huoza upesi. Hufanywa na mashina magumu na mizizi ya nyasi zenyewe, na nyasi za Kikuyu zina tabia hiyo sana kwa sababu hutambaa na kupandiana. Hata uwanja unaookotwa kila mara huweza kupata godoro. Dawa yake ni kuukwaruza kwa reki ngumu nyasi zinapokuwa na nguvu ya kuota tena.

Kinachoua nyasi ni chungu. Uwanja ukiachwa mpaka nyasi zifike magotini, kisha ukafyekwa siku moja wakati wa umande, nyasi huanguka kwa mafungu mazito na kuzuia jua na hewa. Baada ya siku chache chini yake huwa manjano, na harufu mbaya hutoka. Kosa hapo ni la kuchelewa kukata, wala si la kuziacha. Kanuni yake ni nyepesi: kila mara ikatwe theluthi moja tu ya urefu. Uwanja unaotakiwa kuwa na inchi 2 ukatwe kabla ya kuzidi inchi 3, umande ukisha kukauka, na vipande vifupi vitajificha vyenyewe katikati ya nyasi zilizosimama. Wakati wa mvua huenda kazi hiyo ikatakiwa kila juma. Mwenye fyekeo naye apite mara ya pili na reki kuyatawanya mafungu.

Hata hivyo si kila nyasi ifaayo kuachwa. Nyasi zilizokwisha kutoa mbegu za magugu zikiachwa hupanda magugu mapya. Zilizoota ndefu mno haziwezi kuzama zikajificha. Tena uwanja ulio karibu na nyumba au zizi haufai kuachwa uwe mrefu, kwa sababu kupe hupenda kujificha katika nyasi ndefu na kungoja mnyama apite, na mtu wa Moiben hahitaji kufundishwa hasara iletwayo na ndigana.

Hapa ndipo shauri la Wazungu wa mijini na shauri la mfugaji huachana njia. Mwenye nyumba wa ng'ambo ana uwanja lakini hana ng'ombe. Kwake nyasi zilizokatwa ni taka, naye huuliza tu taka hiyo iende wapi. Katika Moiben nyasi ni maziwa. Mwezi wa Januari na Februari, mvua ikiwa imekatika na malisho yamekauka, mama wa nyumbani huona ndoo ikipungua asubuhi baada ya asubuhi, na fedha za karo zikipungua pamoja nayo. Nani atamwambia mtu huyo aache nyasi zioze chini? Kumpelekea ng'ombe nyasi si kuzitupa. Shida huanza baada ya ng'ombe kula.

Ng'ombe wa maziwa haitumii naitrojeni yote iliyomo katika chakula chake. Karibu robo tatu yake hutoka tena kwa kinyesi na mkojo, na potasi nyingi hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo samadi ikirudishwa mahali nyasi zilipotoka, udongo hupoteza kidogo tu, na mwenye shamba amepata maziwa juu yake. Lakini mara nyingi mambo hayaendi hivyo. Nyasi hutoka uwanja mmoja mwaka baada ya mwaka, samadi hurundikwa nje ya zizi ikinyeshewa, maji meusi hutiririka hadi mtaroni, na mkojo hunywewa na mchanga wa zizi. Huko ndiko mali ipoteapo. Mwenye busara hutandika zizini nyasi kavu zisizofaa kuliwa, ili zinywe mkojo. Kisha huzikusanya pamoja na samadi chini ya paa au majani ya migomba, na huzipeleka shambani kabla ya kupanda.

Yafaa kutoa hesabu, hasa kwa wale wanaolima nyasi za Boma Rhodes kwa ajili ya kuuza. Robota la kawaida lina uzito wa kilo 15 hivi. Marobota 100 basi ni kilo 1,500. Nyasi hizo kavu zikiwa na protini asilimia 8, mna protini kilo 120 ndani yake. Ukiigawa protini kwa 6.25 hupatikana naitrojeni, nayo ni kilo 19 na zaidi. Gunia la kilo 50 la mbolea ya CAN yenye naitrojeni asilimia 26 lina kilo 13 tu. Maana yake, kila mara marobota 100 yanapopandishwa katika lori, karibu gunia moja na nusu la CAN hupandishwa pamoja nayo. Mwenye kuuza asipolihesabu gunia hilo katika bei yake, amempa mnunuzi bure.

Wala si naitrojeni peke yake. Potasi nayo huondoka kwa wingi ndani ya nyasi kavu, na mkulima anayetia DAP wakati wa kupanda na CAN wakati wa kukuzia hajairudisha hata chembe, kwa kuwa mbolea hizo mbili hazina potasi. Shamba la namna hiyo huendelea kutoa marobota mengi kwa miaka kadhaa, kisha nyasi hupungua, magugu huingia, na mwenyewe husema mbegu imechoka. Mbegu haikuchoka, udongo umeuzwa kidogo kidogo. Ampasaye kuuza nyasi kavu na apime udongo wake, arudishe samadi, na mabua ya mahindi yasiyoliwa ayaache yafunike shamba badala ya kuyachoma.

Kuhusu moto, neno ni fupi. Nyasi zikichomwa, naitrojeni karibu yote hupanda na moshi. Majivu hubaki na potasi, lakini mvua kubwa ya kwanza huyafagia mpaka mtoni. Katika njia zote zilizotajwa, hiyo ndiyo mbaya kupita zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayotumika sana shuleni na katika viwanja vya umma.

Iko njia ya tatu, nayo ni kuzichukua nyasi kutoka uwanjani na kuzitandaza katika shamba la mboga au chini ya miti michanga. Wakulima wa kahawa katika nyanda za juu za Kenya wametumia matandazo kwa miaka mingi. Nyasi zilizonyauka, zikitandazwa kwa unene wa inchi 2 au 3 katikati ya mistari ya sukuma wiki au vitunguu, huzuia jua lisikaushe udongo, huvunja nguvu ya matone ya mvua, na hupunguza palizi. Nyasi mbichi zisirundikwe nene kwa mara moja, maana hupata joto na kuoza vibaya. Ziongezwe kidogo kidogo. Shina la mti liachiwe nafasi ya upana wa kiganja, lisioze wala lisiliwe na mchwa.

Tahadhari mbili hazina budi kutolewa. Ya kwanza ni juu ya dawa za magugu. Ziko dawa zinazoua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi na nafaka zikiwa hai, na baadhi yake hudumu muda mrefu ndani ya nyasi zilizopuliziwa, hata ndani ya samadi ya ng'ombe aliyezila. Nyasi hizo zikitandazwa penye maharagwe au nyanya, mimea hujikunja na kufa, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa. Asiyejua uwanja ulipuliziwa nini asichukue nyasi zake. Tahadhari ya pili ni kwamba nyasi mbichi zilizokaa ndani ya gunia mpaka zikapata joto zisipewe ng'ombe, kwa sababu zimekwisha kuharibika na zaweza kumdhuru. Zikitakiwa kuwa chakula, zipelekwe siku ile ile, au zianikwe zikauke.

Jibu la swali lililotangulia basi hutegemea mdomo unaongoja. Penye ng'ombe, nyasi zichukuliwe, na samadi irudi. Penye bustani, zitandazwe. Pasipo kimoja kati ya hivyo, kama katika viwanja vingi vya afisi na makanisa, zikatwe fupi na mara kwa mara, kisha ziachwe pale pale. Na mwalimu mkuu mwenye uwanja mkubwa na shamba dogo la mboga za shule angeweza kuanza muhula huu: watoto wale wale wanaobeba nyasi kwenda kuzichoma nyuma ya vyoo wazibebe mpaka kwenye matuta ya mboga, na ifikapo Januari walinganishe tuta lililotandazwa na lile lisilotandazwa, waone ni lipi lenye unyevu chini yake.