Jembe la Nani? Semi za Kiswahili na Uhakiki wa Mafunzo

Kwa miaka mingi karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE imekuwa ikimpa mtahiniwa methali na kumtaka atunge kisa kitakachodhihirisha maana yake. Mtahiniwa aliyefundishwa vyema anajua la kufanya. Akipewa 'Mchagua jembe si mkulima', atazua kijana mvivu, atampa majembe matatu ayakatae yote, atamnyima mavuno, kisha katika aya ya mwisho atamleta mzee mwenye mvi aje kulitamka somo. Alama zitapatikana. Swali ambalo mtahiniwa huyo hatarajii kulikuta ni hili: tunga kisa kitakachoonyesha kwamba methali hii ni ya uongo. Au hili lililo gumu zaidi: ni nani aliyemwambia nani maneno haya, na jembe lenyewe lilikuwa la nani?

Lau kasoro hii ingekomea shuleni, isingestahili makala katika jarida la uhakiki. Walakini imepanda ngazi pamoja na wanafunzi wake. Imo katika tasnifu za uzamili, imo katika miongozo ya vitabu teule na imo, kwa lugha iliyopambwa zaidi, katika maandishi ya wahakiki wenye vyeo. Mhakiki wa mkondo huu huuchukua usemi, akauvua msemaji wake, msemwa wake na siku uliposemwa, halafu akauliza unafunza nini. Jibu huwa ni lile lile: watu wafanye kazi kwa bidii, watafute elimu, washirikiane, wasiwe na tamaa. Semi zilizotungwa na watu wenye ulimi mkali na jicho lisilosamehe, watu waliocheka uvivu wa wengine na unafiki wao wenyewe, zimefanywa kuwa hotuba ya siku ya wazazi. Utaratibu huo unaitwa hapa uhakiki wa mafunzo, na makala haya yanadai kwamba umeidhuru fasihi ya Kiswahili kuliko ulivyoifaa.

Na lianze hilo la jembe. Mkulima wa kweli huchagua jembe, tena huchagua sana. Anayeshinda shambani tangu alfajiri anajua tofauti ya jembe la kuvunjia ardhi ngumu na la kupalilia, anajua mpini uliochongwa vibaya utamfanya nini viganjani kabla ya jua kupanda, wala hamwazimi jirani jembe alipendalo bila kusita. Kama maelezo ya kilimo, basi, methali hii ni ya uongo. Anayeweza kuisema kwa moyo mkunjufu ni mtu ambaye siku hiyo halimi.

Dhihaka hiyo ina makali ya kihistoria. Mwaka 1891 W. E. Taylor, mmishonari wa CMS aliyeishi Mombasa, alichapisha mkusanyiko wa semi za Waswahili uitwao African Aphorisms. Wanaouchota mkusanyiko huo na mingine iliyoufuata ni nadra kukumbuka jamii iliyokuwa ikizisema semi hizo. Utumwa ulikuwa bado halali pwani. Hadhi yake kisheria ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Mashamba ya karafuu ya visiwani na ya nafaka ya Malindi yalilimwa na watu wasiokuwa na hiari. Katika jamii ya namna hiyo jembe halikuwa ishara moja kwa watu wote. Kwa mmoja lilikuwa chombo, kwa mwingine lilikuwa amri. Baba akimwambia mwanawe kwamba mchagua jembe si mkulima, anamtania mtu anayetafuta udhuru. Msimamizi wa shamba akimwambia hivyo mtu asiyeruhusiwa kukataa jembe lolote, neno 'mkulima' lenyewe limekuwa kejeli, maana aliyeambiwa hamiliki shamba, mavuno wala mikono yake. Hakuna anayedai hapa kwamba methali hii ilizaliwa shambani mwa watumwa. Kinachodaiwa ni kwamba mhakiki anayeiorodhesha chini ya kichwa 'Bidii' bila kuuliza swali hilo amekwisha kusimama upande wa msimamizi, hata kama hakukusudia.

Mfano wa pili unajulikana zaidi. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu misingi ya ujamaa, Julius Nyerere aliitumia methali 'Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe' kuunga mkono hoja kwamba katika jamii ya jadi ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kama siasa, hoja ilikuwa na nguvu na shabaha yake ilikuwa ya heshima. Kama usomaji wa methali, ilikata nusu ya utani. Wapo wanaoukariri usemi huo kwa kirefu, siku baada ya siku: mgeni anapokewa kwa wali, siku zinasonga, heshima inapungua, na ifikapo siku ya kumi anatolewa kwa vipigo. Hapo anayechekwa si mgeni peke yake. Anayechekwa zaidi ni mwenyeji, ambaye ukarimu wake una hesabu ya siku kama mchele ulivyo na hesabu ya vibaba. Usemi unakiri jambo ambalo hakuna mwenyeji angelikiri barazani, kwamba anayesema 'karibu, nyumba ni yako' amekwisha kuanza kuhesabu. Ukifupishwa hadi kwenye jembe, kinachobaki ni sera ya kazi. Na mwanasiasa ana haki ya kutafuta sera. Mhakiki anayeirudia sera hiyo kana kwamba ndiyo methali yenyewe hana udhuru huo.

Haifai kusema kwamba mazoea haya yalitokana na uzembe. Yana historia ambayo inaeleweka. Mwaka 1968 Henry Owuor Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o waliandika waraka katika Chuo Kikuu cha Nairobi kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi za Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, ziwe kitovu cha masomo. Fasihi simulizi ilikuwa imedharauliwa. Ilibidi itetewe, na kinachotetewa huvishwa nguo za Ijumaa. Mbele ya hakimu aliyeamini kwamba Mwafrika hakuwa na falsafa, ilikuwa busara kuleta methali kama ushahidi wa falsafa. Tatizo ni kwamba kesi ile ilikwisha zamani, na shahidi angali amevaa kanzu ile ile, ameketi wima, haruhusiwi kucheka.

Athari ni mbaya zaidi katika semi zinazohusu elimu, kwa kuwa hapo mhakiki ana maslahi yake. 'Elimu ni bahari' hutamkwa mwishoni mwa mahafali na mwanzoni mwa tasnifu, aghalabu na mtu ambaye maji hayajamfika vifundoni. 'Akili nyingi huondoa maarifa' hunukuliwa kwa nadra, na inaponukuliwa hufasiriwa kuwa onyo dhidi ya majivuno, yaani majivuno ya wenzake mhakiki. Lakini methali inayostahili kusomwa upya kuliko zote ni 'Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani'. Ufafanuzi wa kawaida ni kwamba inasisitiza umuhimu wa elimu. Jambo hilo halimo. Methali haisemi kwamba mjinga atafaidika. Haisemi lolote kuhusu maisha yake baada ya kuerevuka. Jicho lake limemwelekea mwerevu, na kinachofichuliwa ni siri yake: kwamba werevu mara nyingi si mali iliyomo kichwani mwa mtu, bali ni pato analolichuma katika ujinga wa jirani, na siku jirani akifumbua macho, duka limefungwa. Ni nadharia nzima ya uhusiano wa maarifa na mamlaka kwa maneno matano. Wasomi walimsubiri Michel Foucault aiseme kwa Kifaransa, wakaisoma kwa Kiingereza, ndipo wakaifafanua kwa Kiswahili katika sura ya pili, mbali kabisa na methali zilizorundikwa kiambatishoni. Si ajabu kwamba usomaji huo haupendwi madarasani. Mhadhiri akiieleza methali hiyo hivyo, darasa zima litainua macho na kumtazama yeye.

Itajibiwa kwamba haya yote yanajulikana. Kwamba Ruth Finnegan alikwisha kusisitiza tangu 1970, katika Oral Literature in Africa, kuwa methali haieleweki nje ya mazingira inamosemwa, na kwamba hakuna tasnifu isiyolitaja neno muktadha. Ni kweli kabisa, nalo ndilo jambo la kusikitisha. Sura ya kwanza huapa kwa jina la muktadha. Ikifika sura ya nne, methali mia mbili zimepangwa chini ya vichwa 'Kazi', 'Elimu' na 'Umoja', kila moja na funzo lake mbele yake kama bei ya bidhaa, na muktadha haujulikani ulishukia kituo gani. Mtafiti amekwenda kijijini na orodha, akaketi na mzee, akasema, 'Babu, naomba methali kuhusu kazi', na mzee kwa adabu yake akampa. Methali iliyotolewa kwa ombi la namna hiyo haikusemwa, imetajwa tu. Kati ya kuisema na kuitaja pana umbali kama uliopo kati ya tusi na neno hilo hilo linaposomwa katika kamusi.

Itajibiwa pia kwamba wazee hufundisha kwa methali, jandoni, unyagoni na jikoni, na kwamba kukana mafunzo ni kuleta mapambo ya kigeni. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza na ina ukweli wake. Hata hivyo, nyanya anayemwambia mjukuu neno la kumchoma hamfunzi kwa kumpa kanuni. Humfunza kwa kumwaibisha kidogo mbele ya nduguze, na mjukuu hulikumbuka neno kwa sababu ya kicheko kilichofuata. Anayelinakili neno na kukiacha kicheko amechukua ganda.

Uhakiki wa mafunzo haukuziacha salama hata kazi zilizoandikwa. Aliyeumia zaidi ni Shaaban Robert, ambaye nathari yake imejaa semi za kukatana kwa upanga kuhusu kazi, haki na tabia za watu, na ambaye amegeuzwa kuwa mzee wa mawaidha. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa bado chini ya utawala wa Waingereza, maneno mengi ya hekima yanatoka kinywani mwa Karama. Karama hakuketi barazani akifunza vijana. Ameshtakiwa na Majivuno, ambaye ni waziri, kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ifundishwe nchini, na anasimulia habari za wajumbe sita walioitumikia nchi yao wakalipwa kifungo. Kila usemi wake ni hatua ya utetezi. Unapima uso wa mfalme, unamgusa mshtaki bila kumtaja, unajilinda huku ukishambulia. Mwongozo unaozikusanya semi hizo chini ya kichwa 'Mafunzo ya mwandishi' umemtoa mshtakiwa kizimbani na kumweka mimbarini, jambo ambalo Majivuno mwenyewe angelifurahia, kwa kuwa mhubiri hana kesi ya kushinda.

Yabaki maandishi. 'Mali bila daftari huisha bila habari' ni methali inayoyataja waziwazi, nayo imetoka dukani. Wasomi wa fasihi hupenda kudhani kwamba uandishi ni ndugu wa ushairi. Methali hii inawakumbusha kwamba ni ndugu wa shaka. Mtu huandika kwa kuwa hamwamini mshirika wake, haiamini kumbukumbu yake, na ifikapo mwisho wa mwaka hajiamini mwenyewe. Kuifasiri kuwa 'inafunza umuhimu wa kuweka kumbukumbu' ni kuifanya tangazo la benki.

Na wanawake wa pwani wamefanya uandishi wa aina nyingine kabisa. Leso huwa na jina, na jina hilo limekwisha kukusanywa na wahakiki, kuainishwa na kupewa maana. 'Usisafirie nyota ya mwenzio' imeandikiwa kwamba inahimiza kujitegemea. Pengine. Lakini leso hainunuliwi na mhakiki. Inanunuliwa katika Barabara ya Biashara, Mombasa, na mtu aliyeyasoma majina kumi kabla ya kulichagua moja, akaipeleka kupindwa, akangoja siku ya harusi ambayo jirani fulani hatakosa kuhudhuria, akapita mbele yake mara mbili pasipo haja ya kupita. Jirani amesoma. Waliokaa karibu wamesoma pia, na wanajua ni nyota ipi na ni safari ipi. Mtafiti mwenye daftari akimwendea mvaaji na kumuuliza leso yake inasema nini, atajibiwa kwamba aliipenda rangi.