Mstari Mmoja kwa Kazi ya Miaka Thelathini

Katika mazishi ya siku hizi, iwe Nyeri mjini, Karatina au Nanyuki, waombolezaji hugawiwa kijitabu cha ibada kilichochapwa kwa rangi. Ukifungua ukurasa wa wasifu utakuta mpangilio ule ule: marehemu alizaliwa wapi, akabatizwa lini, akafunga ndoa na nani, akajaliwa watoto na wajukuu wangapi, akaugua nini na kutibiwa hospitali zipi. Kazi hupewa mstari mmoja. "Alihudumu kama muuguzi hadi alipostaafu." "Alikuwa fundi hodari." Ugonjwa wa miezi minne huelezwa kwa kirefu kuliko kazi ya miaka thelathini. Toleo hili limetokana na kero hiyo.

Hatukukusudia kuwapongeza wazee. Pongezi wanazo, tena za bure. Tulichowaomba mafundi na wauguzi wastaafu wa miji hii ya Mlima Kenya ni watueleze kazi yenyewe ilivyofanywa: kwa chombo gani, kwa saa ngapi, kwa malipo yapi, na nani aliyewaonyesha. Hayo hayajaandikwa. Kwa muda mrefu habari za kazi zetu ziliandikwa na mwajiri. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, na juu yake bwana ndiye aliyeandika kazi, mshahara na siku ya kuachishwa. Fundi wa mawe wa zama zile alikuwa na kumbukumbu ya kazi yake kifuani, ila hakuwa na ruhusa ya kuongeza neno.

Upande wa hospitali mambo hayakutofautiana sana. Tunajua habari za wamisionari wa Kiskoti wa Tumutumu na za masista Wakonsolata wa Mathari. Sista Irene Stefani, aliyefika nchini mwaka 1915 na kufa Gikondi mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia, alitangazwa Mwenyeheri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015. (Simpunguzii heshima, watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma, wala hawakumwita hivyo kwa kubembelezwa.) Lakini madresa, yaani wasaidizi waliofunga vidonda, na wasichana wa Kikuyu waliobeba maji, waliofua bendeji na kukesha katika wodi zile zile, majina yao yako wapi?

Basi soma masimulizi ya wauguzi humu ndani polepole, hasa yanayohusu sindano. Kabla ya sindano za kutumia mara moja kuenea, bomba lilikuwa la kioo na sindano ilirudi kazini kesho yake. Nesi wa zamu ya usiku, wodi ikishatulia, alipitisha ncha ya kila sindano kwenye pamba. Ikinasa uzi mmoja tu, ina kijino, na kijino kile kingechana nyama ya mtu asubuhi. Aliinoa juu ya jiwe laini, akaijaribu tena kwenye pamba, akaisafisha tundu kwa waya mwembamba, kisha akaichemsha. Kazi hii haikuonekana na mgonjwa wala daktari. Walioifanya wakaja kukutana na Ukimwi, uliogunduliwa nchini mwaka 1984, glavu zikiwa za kuhesabu. Baadaye, kuanzia mwaka 2005, wengi waliokuwa na cheti tu walirudi masomoni kutafuta diploma kwa njia ya kompyuta, chini ya mpango wa shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi, wakiwa na umri wa kuitwa cucu, yaani bibi.

Fundi wa kiwanda cha kahawa naye ana ukaguzi wake wa usiku. Matunda yaliyochumwa mchana humenywa jioni ile ile, na mashine ya kumenya, nyingi zikiwa za McKinnon wa Aberdeen, haina huruma na mtu asiyejua kuipima. Nafasi kati ya sahani na bamba ikibana mno, punje hukatika. Ikilegea, maganda hupita nayo hadi kwenye tangi. Matunda ya mwanzo wa msimu si sawa kwa ukubwa na ya katikati, kwa hiyo spana haitoki mkononi. Fundi huteka konzi ya punje, huzisugua kwa vidole chini ya taa, husikiliza mashine, hukaza nusu mzunguko. Dunia ikaisifu kahawa ya Nyeri na kuijadili ladha yake. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka, vidole hivyo viliendelea na kazi kwa malipo ya kuchekesha.

Nawaweka nesi na fundi pamoja nikijua kwamba uzeeni hawalingani. Muuguzi wa serikali, anayestaafu akiwa na miaka 60 tangu umri huo ulipoongezwa kutoka 55 mwaka 2009, ana faili na pensheni, hata kama pensheni yenyewe huja kwa kufuatiliwa. Fundi aliyeajiriwa alikatwa shilingi 200 za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa mwezi kwa miaka mingi, mwajiri akiongeza 200. Fundi wa jua kali hakukatwa wala kuwekewa chochote. Sasa serikali ina mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Ni jambo jema kwa kijana wa miaka thelathini. Kwa mzee wa sabini na tano cheti kimechelewa. Kinachohitajika kwake ni mtu wa kukaa naye na daftari.

Wapo watakaosema tunasahau wito. Mwaka 2017 wauguzi wa umma walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba, ndivyo walivyosutwa: wamepoteza wito. Wito haulipi karo. Jamii inayomsifu mtu kwa moyo wake na kukataa kujua kazi yake huona rahisi sana kumlipa kidogo. Hayo ndiyo maoni yangu, na baadhi ya wastaafu walioandika humu hawakubaliani nami, nimewaacha waseme.

Msomaji, kama una mama, baba mdogo au jirani aliyeshika kazi ya ufundi au uuguzi, mwendee mwezi huu. Usimwulize maisha yalikuwaje. Mwulize siku ya kwanza alipewa chombo gani na alikishikaje, kisha uandike majibu yake kwa maneno yake mwenyewe na utuletee. Tutayachapa.